Kwa Gari hadi Mosi-oa-Tunya: Safari ya Jamaa Huanzia Mezani

Kila ufikapo mwezi wa Juni, shule zinapofungwa na kipupwe kinapoanza kuvuma, swali lile lile hurudi katika nyumba nyingi za mijini: likizo hii tutakwenda wapi? Jibu la desturi ni kijijini kwa wazee, na jibu hilo ni jema wala halina haja ya kutetewa. Lakini zipo jamaa ambazo, baada ya kuweka akiba kwa miaka miwili au mitatu, hutamani kuvuka mpaka pamoja na watoto wao na kuiona nchi ya jirani kwa macho yao wenyewe. Wenye gari huanza kupiga hesabu: je, gari hili laweza kutufikisha Zambia na kuturudisha salama?

Laweza, ndugu msomaji, iwapo safari itapangwa. Kutoka Dar es Salaam hadi Livingstone, penye maporomoko makuu ya mto Zambezi, ni kilometa zipatazo 2,400, na njia yote ni ya lami. Magari hupita kushoto katika nchi zote mbili, na raia wa Tanzania haombi viza kwa matembezi ya kawaida nchini Zambia. Kikwazo kikubwa basi si umbali. Kikwazo ni ile tabia yetu ya kudhani kuwa safari huanza pale ufunguo unapozungushwa, ilhali safari ya jamaa huanza mezani, kwa karatasi na kalamu, miezi mitatu kabla.

JE, SAFARI HII NI ANASA?

Swali hili lazima liulizwe mapema na lijibiwe kwa unyofu, maana ndilo linalovunja amani ya nyumba nyingi. Baba hushikwa na shauku akayaona maporomoko tu. Mama huiona ada ya muhula wa pili inayosubiri mwezi wa Julai. Na kule kijijini yuko mzee anayehitaji dawa kila mwezi. Fedha ni ile ile moja. Jamaa ikiondoka na jambo hili halijasemwa wazi, litasafiri nayo ndani ya gari, na litazungumzwa kwa ukali penye pancha ya kwanza.

Utaratibu ulio bora ni huu. Kwanza zitengwe fedha ambazo safari haina ruhusa ya kuzigusa: ada, kodi ya nyumba, matunzo ya wazee. Ziwekwe kando kabla ya kuondoka, wala si kuahidiwa kwamba zitapatikana tukirudi. Kitakachobaki ndicho cha safari. Kama hakitoshi, hiyo si aibu. Safari ingoje mwaka mwingine, kwa kuwa maporomoko hayo hayahami. Mkopo wa kwenda kutembea ni mzigo utakaoendelea kulipwa wakati picha zimekwisha kusahaulika.

Hata hivyo, kuona nchi ya jirani si anasa tupu. Barabara hii ina historia inayotuhusu. Zambia ilipata uhuru tarehe 24 Oktoba 1964, na mwaka mmoja tu baadaye, mwezi wa Novemba 1965, walowezi wa Rhodesia walijitangazia uhuru wao wa ubaguzi. Njia za kusini ambazo Zambia ilizitegemea kwa mafuta na kwa shaba yake zikawa za mashaka. Hapo malori yalianza kubeba mafuta kutoka Dar es Salaam kupitia njia hii, wakati huo ikiwa vumbi na matope, na madereva wakaipa jina la Njia ya Jehanamu. Kisha ukaja uwekaji wa lami, likaja bomba la mafuta la TAZAMA mwaka 1968, na ikaja reli ya TAZARA yenye kilometa 1,860, iliyojengwa kwa msaada wa China kuanzia mwaka 1970 na kukabidhiwa rasmi mwaka 1976. Mtoto anayesoma habari za Mwalimu Nyerere na Mzee Kaunda darasani hupata somo la namna nyingine akiiona reli hiyo ikiandamana na barabara, sehemu baada ya sehemu, hadi Kapiri Mposhi.

BARAZA LA NYUMBANI

Baada ya fedha kukubaliwa, jamaa nzima na ikae barazani, watoto wakiwamo. Ramani itandazwe mezani. Mtoto mwenye miaka kumi aweza kupewa daftari la kuandika kilometa na bei ya mafuta kila kituo. Mdogo wake aweza kuwa mlinzi wa chupa za maji. Mtoto mwenye kazi hachoki upesi, wala haulizi kila nusu saa kama tumefika.

Katika baraza hilo mambo matatu yaamuliwe bila haya. La kwanza ni idadi ya abiria. Gari la watu watano ni la watu watano. Habari za safari zikienea, mpwa na binamu nao watatamani kwenda, na ni vigumu katika desturi zetu kumwambia ndugu kwamba hakuna nafasi. Lakini mtoto wa sita atakayepakatwa kiti cha nyuma hana mkanda, na gari likipata msukosuko, mikono ya shangazi haitamzuia. Ni afadhali lawama ya leo kuliko majuto ya kesho.

La pili ni usukani. Katika nyumba nyingi mama ana leseni na huendesha gari mjini kila siku, lakini safari ndefu ikija, baba hushika usukani peke yake kutoka alfajiri hadi usiku, kana kwamba kumpisha mwenzake ni kupungukiwa. Hiyo ni fahari ya hatari. Mtu aliyeendesha saa nane mfululizo hajui kwamba amechoka. Macho yako wazi lakini akili imelala. Wakiwapo madereva wawili, wabadilishane kila baada ya saa mbili. Akiwapo mmoja tu, siku za safari na ziongezwe, na pasiwe na siku yenye zaidi ya kilometa 500.

La tatu ni usiku. Jamaa ikate shauri tangu nyumbani kwamba jua likitua, gari litakuwa limeegeshwa. Barabara hii ndiyo mshipa wa biashara ya Zambia na ya sehemu kubwa ya Kongo, na malori yenye matela huijaza mchana na usiku. Lori lililoharibika gizani bila taa wala pembetatu, mlevi wa baiskeli, ng'ombe aliyelala juu ya lami yenye joto: haya hayaonekani hadi yanapokuwa mbele ya taa zako, na hapo breki haisaidii. Ahadi hii ya kutosafiri usiku ndiyo itakayoshawishiwa kuvunjwa mara nyingi kuliko zote, kwa maneno kama "tumebakiza kidogo tu." Basi mama au mtoto mkubwa apewe mamlaka ya kusema hapana, na neno lake liwe la mwisho.

HESABU YA SIKU NA YA MAFUTA

Sheria yetu ya kazi ya mwaka 2004 humpa mfanyakazi likizo ya siku 28 kwa mwaka. Safari hii, ikiendeshwa kwa utulivu, huchukua siku 18. Siku sita ni za kwenda na sita za kurudi. Siku moja ya kupumzika Lusaka. Siku tatu Livingstone. Siku moja ya mapumziko Mbeya wakati wa kurudi. Na siku moja ya akiba ambayo haina kazi yoyote. Siku hiyo ya akiba isidharauliwe. Ndiyo itakayotumika mtoto akishikwa na homa, au gari likingoja spea.

Hatua zenyewe zaweza kupangwa hivi: siku ya kwanza Dar es Salaam hadi Iringa, kilometa zipatazo 500, siku ya pili Iringa hadi Mbeya, 330, siku ya tatu Mbeya hadi Chinsali kwa kuvuka mpaka Tunduma, 320, siku ya nne Chinsali hadi Serenje, 410, siku ya tano Serenje hadi Lusaka, 400, na baada ya mapumziko, Lusaka hadi Livingstone, 480. Siku ya mpaka imefupishwa makusudi, kwa kuwa hakuna ajuaye atakaa hapo muda gani.

Mafuta nayo yahesabiwe. Kwenda na kurudi ni kilometa 4,800. Tuongeze 400 za kuzungukazunguka, iwe 5,200. Gari linalokwenda kilometa kumi kwa lita moja litahitaji lita 520. Lenye mzigo juu ya paa litakunywa zaidi, kwa hiyo iongezwe sehemu ya kumi, zifike lita 570 hivi. Zizidishwe kwa bei ya siku hiyo, na sehemu ya mafuta ya Zambia ipigwe kwa bei ya huko. Juu yake ziongezwe malazi, chakula, bima, ushuru wa barabara unaolipwa kwenye vituo vya Zambia, viingilio, na fungu la dharura lisilopungua robo ya jumla yote. Fungu hilo likae kwa mama, mbali na pochi ya matumizi ya kila siku.

KARATASI NA CHANJO

Gari lenye afya likikosa karatasi halivuki. Kila msafiri, hata mtoto mchanga, awe na pasipoti yake, yenye muda wa kutosha mbele. Watoto wachukuliwe pamoja na vyeti vya kuzaliwa; na mzazi mmoja akisafiri nao bila mwenzake, awe na barua ya ridhaa iliyoshuhudiwa na wakili. Barua hiyo yaweza isiulizwe kamwe; lakini ikiulizwa na haipo, safari imekwisha.

Kwa gari, itahitajika kadi halisi ya usajili. Kama gari ni la benki, la ofisi au la ndugu, mwenye mali atoe barua ya idhini. Mamlaka ya forodha ya Tanzania hutoa kibali cha kulitoa gari kwa muda, na upande wa Zambia hutoa kibali chao cha kuliingiza kwa muda. Karatasi hizo zitunzwe kama mboni ya jicho, maana ndizo zitakazothibitisha wakati wa kurudi kwamba gari halikuuzwa. Dereva awe na leseni yake halisi.

Halafu ziko kadi mbili za njano ambazo watu wengi huzichanganya. Ya kwanza ni ya bima: Kadi ya Njano ya COMESA, inayolipia madhara utakayowafanyia wengine ukiwa nje ya nchi. Tanzania ilijitoa katika jumuiya ya COMESA mwaka 2000, lakini imebaki katika mpango huu wa bima, na kampuni za bima nchini huitoa. Kadi hiyo hutambuliwa Zambia, Malawi na Zimbabwe pia. Ya pili ni cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Chanjo hiyo huanza kuhesabiwa kuwa halali baada ya siku kumi, kwa hiyo asingoje mtu wiki ya safari. Na tangu mwaka 2016 cheti chake ni cha maisha.

Nakala ya kila karatasi ibaki nyumbani kwa ndugu anayeaminika, na nakala nyingine ikae katika mkoba tofauti ndani ya gari.

GARI LENYEWE

Wiki tatu kabla, gari lipelekwe gereji kwa fundi anayelijua. Wiki tatu, si siku mbili, ili kinachobadilishwa kipate muda wa kujaribiwa mjini. Breki, matairi, mipira ya maji, rejeta, mkanda wa feni, betri, shokabsoba na taa zote zikaguliwe. Tairi la akiba lijazwe upepo na jeki ijaribiwe kwa mikono. Wengi hugundua porini kwamba jeki yao hainyanyui. Uchukuliwe mkanda wa feni wa pili, fyuzi, globu, lita moja ya oili, mafuta ya breki, kamba ya kuvutia na tochi. Polisi wa Zambia hutazama pembetatu, na ni vyema kuwa na mbili, pamoja na kizimamoto na vibandiko ving'aavyo: vyeupe mbele na vyekundu nyuma.

Kwa abiria: sanduku la dawa, vyandarua, maji ya kunywa, mkeka, chupa ya chai, na nguo za baridi. Jambo hili la mwisho huwashangaza watu wa pwani. Mwezi wa Juni na wa Julai, Makambako na Mbeya hushika baridi kali, na nyanda za juu za Zambia vilevile. Sweta na blanketi visipakiwe chini kabisa ya buti.

NJIANI KUELEKEA TUNDUMA

Baada ya Morogoro, barabara hukata katikati ya Hifadhi ya Mikumi kwa kilometa zipatazo 50. Hapa watoto wataona twiga, pundamilia na pengine tembo bila kulipa kiingilio, lakini mwendo ni wa polepole kwa sheria, na anayegonga mnyama hutozwa faini nzito. Mbele yake ni bonde la mibuyu kando ya mto Ruaha Mkuu, kisha mlima Kitonga. Panda Kitonga nyuma ya lori kwa subira. Wakati wa kurudi, shuka kwa gia nzito na uipe breki nafasi ya kupoa. Subira hiyo hiyo itumike katika miteremko ya Mbeya kuelekea Mbalizi, ambako roho nyingi zimepotea kwa malori yaliyokatika breki.

Iringa, wenye muda wa asubuhi wapite Kalenga, penye kumbukumbu za Mtwa Mkwawa, ambaye fuvu lake lilirudishwa kutoka Ujerumani mwaka 1954. Au Isimila, penye zana za mawe za watu wa kale. Na kama bibi au mjomba anaishi Mafinga au Makambako, jamaa isimpite kimya. Watoto wamsalimu, wampelekee sukari na kanga, wapokee dua. Hivyo ndivyo safari ya ng'ambo na safari ya kwa wazee zinavyoweza kuwa safari moja, na yule aliyedhani amesahauliwa akawa wa kwanza kutembelewa.

Kati ya Mbeya na Tunduma kuna njia ya kuchepuka kwenda kwenye Kimondo cha Mbozi, jiwe la chuma lililoanguka kutoka angani, lenye uzito wa tani nyingi. Lakini siku ya kuvuka mpaka si siku ya kuchepuka; kimondo kiwekwe katika ratiba ya kurudi.

MPAKANI

Jamaa ifike Tunduma asubuhi. Tangu mwaka 2019 Tunduma na Nakonde zimekuwa na kituo cha pamoja, ambapo maofisa wa nchi mbili hufanya kazi chini ya paa moja, na shughuli zimerahisika kuliko zamani. Hata hivyo foleni ya malori huwa ndefu. Gari dogo liulize njia yake wala lisijipange nyuma ya matela kwa kutojua. Kuuliza si ujinga.

Mpakani hapo pana vijana watakaokimbilia dirisha la gari wakijitolea kushughulikia karatasi zako au kukubadilishia fedha. Washukuru kwa upole na uende dirishani mwenyewe. Fedha zibadilishwe benki au katika duka lenye leseni. Ikumbukwe pia kwamba Zambia iliondoa sufuri tatu katika kwacha yake mwezi wa Januari 2013. Noti za zamani hazina thamani, na mgeni asiyejua ndiye hupewa. Nyama mbichi, mbegu na mimea visibebwe, maana vyaweza kuzuiwa.

Baada ya lango, saa zirudishwe nyuma kwa saa moja. Watoto hulifurahia jambo hili, lakini dereva alipime vizuri: kwa saa za Zambia, jua la Juni huzama kabla ya saa kumi na mbili jioni. Aliyezoea kuhesabu machweo kwa saa za Dar es Salaam atajikuta gizani njiani.

UGENINI SI UGENINI SANA

Wanyamwanga wako pande zote mbili za mpaka huu, na Nakonde Kiswahili husikika sokoni. Ukisonga kusini, Kibemba ndicho kinachotawala, na watoto watagundua wenyewe kwamba lugha hizi ni ndugu: mtu ni umuntu, nyama ni inama. Wafundishwe salamu tangu nyumbani. "Mwapoleni" kwa Wabemba na "Muli bwanji" kwa wasemaji wa Kinyanja hufungua milango. "Natotela" na "Zikomo" ni asante. Nshima ni ugali, na kapenta ni dagaa, hivyo hakuna atakayelala njaa.

Chinsali, kituo cha usiku wa kwanza, ni wilaya alikozaliwa Mzee Kenneth Kaunda mwaka 1924, katika misheni ya Lubwa. Kipande kati ya Mpika na Serenje kimejulikana kwa miaka mingi kwa mashimo yake. Tanki lijazwe Mpika na mwendo upunguzwe. Kabla ya kufika Serenje kuna njia iendayo Samfya na Mansa, na kando yake ndiko kijiji cha Chitambo kilipokuwa, alipofia David Livingstone mwaka 1873. Wafuasi wake, wakiwamo Abdullah Susi na James Chuma, waliuzika moyo wake chini ya mti, kisha wakaubeba mwili kwa miguu, zaidi ya kilometa 1,500, hadi Bagamoyo, walikofika Februari 1874. Vitabu vingi viliwasahau kwa muda mrefu. Mtoto aliyekaa garini siku tatu na kulalamika kwamba amechoka na asimuliwe habari za watu hao. Pengine atanyamaza kidogo.

Lusaka, mji mkuu tangu mwaka 1935, utumike kwa kufua nguo, kulala na kukagua gari. Kutoka hapo barabara hupita mashamba ya miwa ya Mazabuka, kisha Monze, Choma na Kalomo, hadi Livingstone.

MOSHI UNGURUMAO

Wenyeji waliyaita maporomoko haya Mosi-oa-Tunya, yaani moshi ungurumao, kabla Livingstone hajayaona mwaka 1855 na kuyapa jina la malkia wa kwao. Mswahili hahitaji mkalimani wa kumweleza "mosi" ni nini. Upana wake ni meta 1,708, na kimo chake kinakaribia meta 108. Maji huwa mengi mno mwezi wa Aprili, hata mvuke huficha maporomoko yenyewe. Mwezi wa Oktoba na Novemba, upande wa Zambia waweza kubaki mwamba mtupu. Juni ni wakati wa kadiri: maji bado yapo, na jicho laweza kuyaona.

Kila mtu avae koti la mvua, karatasi na simu zifungwe katika mifuko ya nailoni, na watoto washikwe mikono, kwa kuwa mawe huteleza na kingo nyingine hazina uzio wa kutosha. Chakula kisibebwe mkononi. Nyani wa pale ni wezi hodari.

Daraja la chuma linalounganisha Zambia na Zimbabwe lilifunguliwa mwaka 1905. Juu yake, tarehe 26 Agosti 1975, ndani ya behewa la treni, Ian Smith alikutanishwa na viongozi wa wapigania uhuru wa Zimbabwe, Kaunda na Vorster wakiwapo. Mazungumzo hayo yalivunjika. Uhuru ulikuja mwaka 1980. Anayetaka kuona upande wa pili aliache gari Livingstone na kuvuka kwa miguu na pasipoti yake, maana kulivusha gari ni kuanza upya karatasi zote. Siku ya tatu itolewe kwa jumba la makumbusho la Livingstone, lililoanzishwa mwaka 1934, kongwe kuliko yote nchini humo.

KURUDI

Ajali nyingi za safari ndefu hutokea wakati wa kurudi. Fedha zimepungua, watoto wana hamu ya nyumbani, na dereva anaijua njia. Ujuzi huo humfanya akaze mwendo. Kwa hiyo ratiba ya kurudi iandikwe kwa makini ile ile, siku sita, bila kuunganisha mbili kuwa moja. Mafuta ya kurudia na malazi yake yatengwe kabla ya kuondoka Livingstone. Mbeya, gari lilale siku nzima, na dereva alale pia.

Mwishoni, daftari la mtoto litakuwa na safu ya kilometa, bei na majina ya miji. Litunzwe pamoja na vyeti vya nyumbani. Jamaa nyingine mtaani itakapouliza safari hiyo hugharimu nini na huchukua siku ngapi, jibu litakuwamo humo, limeandikwa kwa mkono wa mtoto aliyekwenda na kurudi akiwa mzima. Hiyo ya mwisho ndiyo hesabu kubwa kuliko zote: waliotoka watano, warudi watano.